Upande wa Mlango, Upande wa Dirisha

Melini, 4 Machi

Mlango wangu,

Salamu za kuulizana hali nazipita, maana najua utajibu hujambo hata ukiwa hoi kitandani. Nimefika tangu wiki iliyopita, nimepewa chumba, na siku ile kabla hata sijavua viatu nilishainua godoro kuangalia chini yake. Usinicheke. Na wewe ungefanya hivyo hivyo.

Binti yangu wa ofisi ya tiketi kaniambia, "Mama nenda ukapumzike, ila ukirudi uniambie ukweli, wateja wananiuliza meli ipi nzuri na mimi sijapanda hata moja." Basi ndiyo hivyo, meli tatu za kampuni tatu, niangalie chumba, chakula na watu wake. Lakini mimi na wewe tunajua kazi yangu hasa ni ipi. Natutafutia meli yetu. Tumetandika vitanda vya hoteli ile ujana wetu wote, wewe upande wa mlango, mimi upande wa dirisha, mpaka watu wakasahau majina yetu, wakatuita Mlango na Dirisha. Na tuliapa kwamba tukistaafu wote wawili tutapanda meli, tutalala, na mtu mwingine atatutandikia. Binti anasema chumba cha watu wawili cha Septemba lazima kiwekwe kabla Juni haijaisha. Kwa hiyo soma vizuri.

Hii ya kwanza nimeipa jina, Meli ya Watoto. Juu kabisa kuna mabomba makubwa ya kuteleza yanayomwaga watu kwenye bwawa, na muziki unaanza hata chai hujanywa. Watu ni wachangamfu mpaka wanachosha. Siku ya pili kila niliyekutana naye kwenye lifti alijua kwamba nimestaafu na kwamba nina goti bovu. Chumba ni chembamba, ukitaka kufungua kabati lazima kwanza ukae kitandani, na hakina dirisha, fikiria, mimi! Shuka ni safi ila zimefuliwa mpaka zimekonda. Chakula ni kujipakulia: unashika sinia, unapanga foleni, unajaza. Kingi, cha moto, na huwezi kujua kimepikwa na mtu au na mashine.

Sasa nikupe kichekesho. Kila asubuhi nilikuwa natandika kitanda mwenyewe. Siyo kwa ubaya, mikono tu. Kona nazikunja kama bahasha, shuka nainyoosha, halafu nakwenda kunywa chai. Siku ya nne mlango ukagongwa. Kijana anayehudumia vyumba vya upande wetu kasimama na mkuu wake, uso umemshuka. Mkuu ananiuliza kwa adabu, huyu kijana amenikosea nini hata nakataa huduma yake? Kumbe wamekagua, wameona kitanda kimetandikwa kwa namna isiyo ya kwao, wakajua kijana haingii chumbani, na alikuwa ameshaandikiwa onyo! Mlango, nilitamani sakafu inimeze. Nikavuruga kitanda palepale mbele yao, nikatupa mito chini, nikasema, "Haya baba, tandika." Onyo likafutwa. Tangu hapo akija nakaa kwenye kiti na mikono nimeikalia. Ni kazi ngumu kuliko kutandika.

Nakosa mtu wa upande wa pili wa kuniambia "haya" nivute shuka.

Wako,
Dirisha


Nyumbani, 21 Machi

Dirisha, mwanamke wewe,

Nimecheka mpaka mkamwana wangu akaja mbio akidhani nimeanguka. Ungemfukuzisha mtoto wa watu kazi kwa kimbelembele! Mimi nilishakwambia, siku utakayokufa utatandika jeneza kwanza ndipo uingie.

Usishangae mwandiko. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na mkamwana anaandika. Ndiyo maana matusi ni machache.

Hiyo Meli ya Watoto sitaki. Ila nina maswali, unijibu kwenye meli ijayo bila kuzungukazunguka. Hapo pa kujipakulia, sinia unabeba mwenyewe mpaka mezani? Ni mbali? Supu wanaweka kwenye sahani au kikombe? Mkikaa mezani mnakaa na watu msiowajua? Na mtu akisema leo nataka kula chumbani kwangu, wanamletea au wanamwona anaringa?

Usiniulize nayauliza ya nini. Mtu anayekwenda mahali huuliza.

Kitanda chako nyumbani kinakusalimu. Nilipita kufungua madirisha kama ulivyoniagiza. Kimetandikwa vizuri, ila upande wa mlango umelegea. Hapo unanihitaji.

Mlango


Melini, 16 Aprili

Mlango,

Nimeipata. Mwambie mkamwana asome polepole.

Hii ni Meli ya Mabwana. Nilipofungua mlango wa chumba niliona kitanda, nikakikalia. Godoro zito, halina mabonde, shuka imekazwa kama ngoma. Kona wanazikunja kama zetu! Bafu lina mahali pa kushika, na nje kuna kibaraza chenye viti viwili, kimoja changu, kimoja kinakungoja wewe. Kila nikirudi nakuta taulo limekunjwa umbo la mnyama. Jana lilikuwa tembo. Nimeshindwa kulikunjua, nimejifutia shuka.

Chakula sasa. Huku hupangi foleni wala hubebi sinia. Kuna ukumbi mkubwa, meza zina vitambaa vyeupe vinavyofika mpaka chini, na umepangiwa meza yako na watu wale wale safari nzima. Sisi tuko wanane. Mhudumu siku ya pili tu alishajua kwamba sitaki sukari. Mkate wanauoka humo humo, unafika mezani bado unaunguza vidole, sijala mkate kama huu mahali popote. Mbele yako wanapanga visu vitatu na uma tatu, unaanza na vya nje. Na kwa kuwa bibi malkia aliuliza, supu ni kwenye sahani pana, imejaa mpaka ukingoni.

Watu wake mwanzoni niliona wanajisikia. Wanaongea chini chini, na kuna jioni moja kila mwanamume alivaa suti hata huwezi kumjua mgeni na mhudumu. Kumbe wanasikilizana tu. Mzee mmoja wa mezani kwetu, fundi saa, amenisimulia maisha yake yote bila kupandisha sauti. Ungempenda, ungemtania mpaka akome.

Ya chumbani wanaleta, ndiyo, lakini mtu apande meli kama hii halafu ajifungie na sinia? Ya nini? Na wewe usijifanye wa kudeka leo, nimekuona ukila umesimama nyuma ya mlango wa stoo ya mashuka, mkate mkononi, ukitafuna haraka mkuu asitukute.

Bado moja, ya mwezi wa sita, ila nitaipanda kwa ajili ya binti tu. Yetu ni hii. Sema ndiyo, nimwambie aweke chumba.

Dirisha


Nyumbani, 2 Mei

Dirisha,

Nimefikiri sana. Nenda na mtu mwingine.

Bahari na mimi hatujuani. Nyumba nayo haiwezi kuachwa hivi hivi, na mwanangu anasafiri kikazi. Wewe umeshazoea, una mwenzio fundi saa, utafurahi. Mtafute yule dada wa mapokezi ya hotelini, alikuwa anapenda mambo ya visu vitatu.

Usinisihi. Unanijua nikishasema.

Mlango


Kwa binti yangu, 11 Mei

Mlango,

Sikusihi, nakuuliza.

Nyumba haiwezi kuachwa? Nyumba yenye mkamwana, mbwa na jirani asiyelala? Tafuta uongo mwingine, huo umechakaa.

Kama ni kukoroma kwangu, sema. Kama ni ule mwaka wa mwisho waliponipa mimi ukuu wa ghorofa na wewe ukabaki, sema pia, maana sikuuomba na wewe ulinipongeza mbele ya watu, na mimi nikaamini. Dada wa mapokezi wa nini? Mimi sikuapa na dada wa mapokezi.

Umeniumiza. Naandika wazi ili usije ukasema hukujua.

Dirisha


Nyumbani, 19 Mei

Shikamoo mama,

Mimi ni mkamwana wake, ninayeandika barua zake. Hii naandika yangu, na yeye hajui. Akijua, nimekwisha.

Barua yako niliisoma kwake kwa sauti. Nilipofika pale pa ukuu wa ghorofa alinikatiza, akasema, "Anafikiri hivyo?" Halafu akaenda jikoni, akakaa huko mpaka jioni. Mama, siyo ukuu, wala siyo kukoroma. Miwani yake ni nzima, iko kwenye droo.

Ni mkono wake wa kulia. Unatetemeka. Ulianza kidogo mwaka jana, sasa kikombe hakifiki mdomoni bila kumwagika. Daktari kampa dawa, zinamsaidia kidogo, na alisema wazi kwamba hautapona. Kalamu hawezi kuishika vizuri. Mwezi wa pili alikwenda kwenye sherehe ya jirani, akaletewa chai, ikamwagikia nguo yake yote. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mbona hamumlishi huyu?" Watu wakacheka, nadhani hawakuwa na nia mbaya. Tangu siku hiyo hali chakula na mtu. Mimi na mume wangu tunakula sebuleni, yeye anakula jikoni ameelekea ukutani. Nikiingia kuchukua maji anaweka kijiko chini.

Hiyo safari anaitaka. Barua yako ya Meli ya Mabwana ameniamuru niisome mara nyingi, hasa pale pa mkate. Ila kila nikifika kwenye sahani pana na meza ya watu wanane namwona anaushika mkono wake kwa ule mwingine.

Sijui nakuomba nini. Ila usimwambie kwamba nimemwaga mtama.

Mkamwana


Melini, 3 Juni

Mlango wangu,

Nilikukasirikia, imekwisha. Nilichemka kama birika, unanijua. Tusahau.

Nimo kwenye meli ya tatu na naomba unisikilize, maana nimebadili mawazo kabisa. Hii nimeiita Meli ya Kimya, na naona hii ndiyo yetu. Ile ya Mabwana, nikikumbuka vizuri, ilikuwa na mapungufu mengi. Ukumbi ulikuwa na kelele za vijiko. Mkate ulikuwa wa moto kupita kiasi. Na nani anataka kukaa na watu wanane wasiojulikana, wakimhesabia matonge?

Huku kila mtu na lake. Chakula wanakuletea chumbani asubuhi, mchana na jioni bila kukuuliza swali, ndiyo desturi yao, na hakuna anayekuona unaringa. Supu wanaleta kwenye kikombe chenye mfuniko. Supu yenyewe haina chumvi, lakini chumvi si nzuri kwa umri wetu. Nyama inakuja imeshakatwa vipande vidogo. Kitanda ni kizuri, godoro lina bonde dogo katikati linalomtuliza mtu, hupati shida ya kujigeuza. Watu ni wapole sana, sijaongea na mtu tangu juzi. Raha mustarehe!

Tukija hapa tutakula wawili tu, mlango umefungwa, tunaangalia maji. Sema ndiyo. Binti anangoja.

Dirisha


Nyumbani, 14 Juni

Dirisha

Huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Usiusifie.

Mkate ulikuwa wa moto kupita kiasi? Godoro lina bonde linalomtuliza mtu? Wewe! Wewe uliyegoma kutandika kile chumba cha ghorofa ya pili mpaka godoro lenye bonde likatolewa, ukamwambia meneja akalale yeye? Nilipofika hapo nikaitoa barua mikononi mwa mkamwana, nikamwangalia usoni. Amelia kabla sijamuuliza. Nimemsamehe. Wewe bado.

Miaka yote tuliyotazamana juu ya godoro hukuwahi kunidanganya. Kumbe ni kwa sababu hujui. Hujui kabisa, unadanganya kama mtoto mwenye sukari mdomoni.

Haya, niseme mwenyewe. Natetemeka. Mkono wa kulia. Daktari aliupa ugonjwa jina, sikulishika. Naona aibu, Dirisha. Mimi niliyekuwa navuta shuka mara moja tu ikakaa, leo nashindwa na kijiko. Sikutaka unione. Wengine wanione, sawa, lakini siyo wewe, wewe unajua nilivyokuwa.

Nimekaa jikoni nikafikiri habari ya yule kijana wako wa Meli ya Watoto. Mtoto wa watu karibu apoteze kazi kwa sababu wewe hukutaka kutandikiwa. Nikamwangalia mkamwana wangu, kila siku anabaki mlangoni na bilauri ya maji, hajui aingie au atoke. Jana nilikwenda kula sebuleni nao. Nilimwaga. Mwanangu alifuta, tukaendelea na habari zetu.

Mwambie binti aweke ile ya Mabwana. Ukumbini, meza ya watu wanane, sahani pana. Kikombe chenye mfuniko wakanyweshee watoto. Nyama utanikatia, nakuruhusu. Kunilisha hapana, ukijaribu nitakupiga kwa kijiko hicho hicho.

Nalala upande wa mlango.

Mlango

Mstari wa mwisho nimeuandika mara tatu.


Melini, 9 Septemba

Mkamwana wangu mpendwa,

Tumefika salama. Mama yako amelala kibarazani, mdomo wazi, na bado anadai mimi ndiye ninayekoroma. Nakuandikia habari ya jana kabla hajaamka akaipunguza.

Chumba ni kama nilivyosema. Kuingia tu, aliinua godoro kuangalia chini. Mhudumu alipokuja kutandika, tulikaa kwenye viti tumeikalia mikono yetu, wote wawili. Yule bwana alifanya kazi mbele ya mahakama, maskini. Alipotoka, mama yako akasema, "Upande wa dirisha kaulegeza." Nikamwambia anyamaze, tumestaafu.

Jioni tukaenda ukumbini. Nilimwambia tunaweza kuomba kikombe, akanipiga jicho, nikaacha. Mezani kulikuwa na wenzetu sita. Supu ikaja, imejaa mpaka ukingoni. Kijiko cha kwanza kilifika. Cha pili kikagonga sahani, sahani ikainuka, na supu ikaenda yote, kwenye kitambaa, kwenye mkate, mpaka kwenye mkono wa bwana aliyekaa kushoto kwake. Mwanangu, moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimeshashika kiti niinuke nimtoe nje.

Akaweka kijiko chini. Akasema, kwa sauti ile yake ya kuamsha ghorofa nzima, "Samahani jamani. Mkono wangu unatetemeka, ni ugonjwa. Sijalewa, ila kama mnataka nilewe, naweza." Yule bwana akajipangusa, akacheka, akasema yeye ana sikio moja tu linalofanya kazi, kwa hiyo ampe habari upande wa huku. Mezani wakaanza kuulizana nani ana nini kibovu. Mimi nikatoa goti.

Mhudumu akaja, akaondoa vyombo, akaleta kitambaa kingine kilichokunjwa. Alikuwa peke yake, anahangaika nacho, upande mmoja ukitulia wa pili unateleza. Sijui nani aliinuka kwanza, mimi au yeye. Nilijikuta nimesimama na ncha zangu mbili mkononi, na yeye ng'ambo ya meza ana zake. Mhudumu anatusihi, "Mama zangu, tafadhali kaeni, mkuu wangu anaangalia." Nikamwambia mkuu wake nitamweleza mwenyewe, nina uzoefu wa jambo hilo.

Mama yako akaniangalia. Akasema, "Haya."

Kitambaa kilitetemeka upande wake wote. Nikavuta wangu, kikanyooka. Tukakiweka, bila mkunjo hata mmoja. Tukakaa, akaletewa supu nyingine kwenye sahani ile ile pana. Ilimchukua muda mrefu, watu walikuwa wameshafika kwenye matunda. Ameimaliza.

Anakusalimu, na anasema mkila leo sebuleni, kiti chake msikiondoe.

Mama yako mwingine,
Dirisha